Ni stresi ama ni venye uko? Jinsi ya kusoma hasira yako kabla imwangukie asiye na makosa

Nianze na kifuniko. Kwa jikoni yangu kuna kifuniko cha sufuria kimepinda upande mmoja, nikipika wali mvuke unatorokea hapo, lazima niweke kikombe cha maji juu ndio kikae. Kilipinda Alhamisi moja saa moja na kitu usiku, nilipokirusha kwa ukuta, juu kijana wangu wa miaka tisa aliniuliza, "Mama, leo tunakula nini?" Hiyo tu. Hakutukana, hakuvunja kitu, aliuliza swali la mtoto ana njaa. Na siku hiyohiyo nilikuwa nimeshinda nikicheka na makastoma, hata yule aliyesema samaki yangu ni nyembamba kama kandambili nilimcheka tu nikamwongezea kachumbari.

Mimi nakaanga samaki hapa Kondele, Kisumu, mwaka wa sita huu. Mdogo wangu ndiye alisomea mambo ya ushauri nasaha pale Maseno, na nilipompigia simu usiku huo nikilia, namwambia mimi ni mama mbaya, alinikatiza akasema, dada, wacha kwanza kujihukumu, niambie vitu viwili: siku yako ilikuwa imebeba nini, na wewe ukikasirika huwa ni mtu wa aina gani. Ukijua moja bila ile ingine bado uko gizani. Haya naandika ni venye tulienda nayo mimi na yeye karibu miezi mitatu, na nimeyaweka yeyote anaweza kufuata, bora awe na daftari ya shilingi ishirini na asianze kujitetea kabla hajaandika.

Elewa karai kwanza

Kuna njia ya kueleza hii kitu ambayo wasomi wawili wa Marekani, Craig Anderson na Brad Bushman, waliiweka pamoja mwaka 2002. Wanasema ukali hautoki mahali pamoja. Kuna vitu mtu anakuja navyo, tabia yake, vile amezoea kuona watu, vile alilelewa, alafu kuna vitu vya hali yenyewe, joto, njaa, kelele, mtu amekudharau. Hivi vyote vinaingia kwa mpigo mmoja na kugusa mawazo, roho na mwili, moyo unaanza kudunda, alafu hapo kuna kanafasi kadogo, ama utende papo hapo ama ujiulize mara ya pili. Ukiwa umechoka mbaya, hiyo mara ya pili haiji.

Mimi hiyo nilielewa kwa karai. Mafuta yakiwa baridi, dondosha tone la maji, hakuna kitu kinafanyika. Mafuta yakiwa moto tone hilohilo linakurukia usoni, na mtu akiona umeungua atasema ni maji, kumbe maji ni yaleyale ya asubuhi. Sasa ongeza hii: makarai si sawa. Kuna ile nyembamba ya bati inashika moto dakika mbili na ukiepua inapoa haraka, na kuna ile nzito ya chuma inachelewa kushika, lakini ikishashika hata ukizima jiko samaki inaendelea kuiva yenyewe. Stresi ya kila siku ni ule moto. Tabia yako ni karai. Tone ni mtoto akiuliza tunakula nini, na karibu sisi wote tunapigana na tone.

Andika, usikumbuke

Usijaribu kufanya hii kwa kichwa, kichwa kitakutetea. Nunua daftari, chora mistari, na kila mara ukichomoka, hata kama ni kumjibu mtu vibaya tu ama kufunga mlango kwa nguvu, andika vitu sita: saa ngapi, ulikula mara ya mwisho saa ngapi, ulilala masaa mangapi, pesa ilikuwa iko aje siku hiyo, nini kilitangulia (si kile kilikukasirisha, kile kilitangulia), na ni nani alipata. Andika kabla ulale. Usiandike kama wewe ndiye ulikuwa na haki ama hapana, hiyo safu usichore kabisa, ukiichora utajaza hiyo peke yake.

Wiki mbili zinatosha kuanza kuona kitu ila mimi nilienda wiki nne juu biashara yangu inazunguka kwa mwezi. Nilipata mara 23. Aki 23, na mimi ndiye najulikana kwa stage kama mama mcheshi. Kati ya hizo, 15 zilikuwa kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku, na 9 zilikuwa Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku ya kikundi chetu cha mkopo, saa nane mchana tunaketi chini ya mti, kila mtu analeta yake, na mmoja asipoleta wenzake wanachangishwa hapo hapo mkiangaliana macho. Mimi sijawahi kosa kuleta. Lakini tangu Jumatano nakuwa nimeshahesabu samaki kwa kichwa, nikiuza hizi kumi na mbili nitatoa, zikibaki nne nitakopa nani, alafu natoka pale na tabasamu narudi kwa moto.

Ile safu ya mwisho ndiyo iliniuma. Mara 23, na hakuna hata moja ilienda kwa yule mwenye gari ya samaki anayepandisha bei bila kuniambia, hakuna hata moja kwa kikundi. Kijana mara 10, msichana wa kunisaidia mara 7, mzee wangu mara 4, kastoma mara 2, na hao makastoma wote wawili walikuwa vijana wadogo wa kununua vichwa vya samaki vya bei ya chini. Yaani hata nikiwa "nimeshindwa kujizuia" bado nilikuwa nachagua.

Mdogo wangu hakushangaa. Akasema kule chuo kikuu cha Yale mwaka 1939 John Dollard na wenzake waliandika kwamba mtu akizuiwa kupata kitu anachokimbilia, anaelekea ukali, na kama aliyemzuia ni mkubwa ama hayuko karibu, ukali unahamia kwa mwingine. Baadaye walirekebishwa, juu si kila kuzuiwa kunaleta ukali na si kila ukali unatoka kwa kuzuiwa. Leonard Berkowitz ndiye alikuja kusema mwaka 1989 kwamba ni maumivu yoyote, hata joto tu ama jino, yanaweza kufungua huo mlango. Lakini hiyo ya kuhamisha ilibaki, na watafiti wengine mwaka 2000 walionyesha kitu ambacho nadhani kila mtu wa nyumba anajua bila kusoma: mtu aliyeudhiwa mahali, akija kupewa kaudhi kadogo na mtu mwingine, jibu lake linakuwa kubwa kuliko hako kaudhi na kuliko mtu ambaye hakuwa ameudhiwa mwanzo.

Kwa hivyo ukimaliza daftari, angalia safu mbili peke yake kwanza: kilichotangulia, na nani alipata. Kama wanaopata wote ni wadogo kwako, hiyo tayari ni habari.

Vitu vya mwili, usivione ni vidogo

Hapa watu wanacheka. Ukiambia mtu mzima kwamba ugomvi wake na bibi ni njaa atasema unamkosea heshima. Basi sikia hii, Bushman huyohuyo na wenzake walichukua jozi 107 za bwana na bibi, siku 21, kila jioni wanapima sukari ya damu, alafu kila mtu anapewa kidoli cha kitambaa anaambiwa huyu ndiye bibi yako, huyu ndiye bwana yako, chomeka pini kulingana na hasira uliyo nayo leo, pini ni 51, na mwenzako haoni. Kadri sukari ya jioni ilivyokuwa chini, ndivyo pini zilivyokuwa nyingi. Ilitoka mwaka 2014. Mimi nilipoangalia daftari yangu, Alhamisi nilikuwa nakunywa chai na mandazi saa kumi na mbili asubuhi na kitu kingine ni usiku, juu mchana niko mkutanoni na kutoka hapo nakimbizana na wateja wa jioni. Nimezungukwa na samaki mchana kutwa na sina kitu tumboni.

Usingizi ni vilevile. Kuna watafiti wa chuo cha Iowa State waliwapunguzia watu usingizi masaa kadhaa kwa siku mbili tu, alafu wakawawekea kelele za kuudhi, wale waliopunguziwa walikasirika zaidi, na walishindwa kuzoea kelele kama wenzao waliolala. Sasa wewe unayeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua samaki Dunga ama mboga Kibuye, kila siku, miaka.

Joto la Kisumu sihitaji kukueleza. Ila kule Phoenix, Arizona, mwaka 1986 waliwahi simamisha gari kwa taa za barabarani makusudi, taa inageuka kijani nayo haisongi, wakahesabu honi. Kadri joto lilivyopanda ndivyo honi zilivyozidi, na zaidi kwa wale madirisha yao yalikuwa wazi, hawana viyoyozi. Pale jua la saa tisa ukipita kwa roundabout yetu ya Kondele utafikiri walikuja kuhesabia hapa.

Na kuna hii inaitwa kubeba mdundo, hilo jina ni langu, mwenye nadharia ni Dolf Zillmann. Moyo ukidunda kwa sababu moja, akili inasahau sababu kabla mwili haujapoa, na kitu kingine kikitokea hapo katikati unahesabu mdundo wote ni wa hicho kipya. Umeshuka kwa boda ambayo nusura igongwe na lori, umecheka mmefika salama, unafungua mlango unakuta taulo iko chini. Unaona ni taulo. Mzee wangu ni wa boda, na tulikubaliana akiingia hakuna stori ya pesa kwa nusu saa ya kwanza, aoge, akunywe chai, ndio tuongee fees. Hiyo nusu saa si ya kitabu, ni sisi tulipima wenyewe.

Pombe nitaipita haraka, kila mtu anajua. Inachofanya ni kukuachia kitu kimoja tu cha kuangalia, kile kiko mbele ya pua, na yale mengine ya kukuzuia, kazi, watoto, kesho, yanapotea kwa macho.

Sasa wewe ni karai gani?

Hii ndiyo sehemu watu wanaruka, wanataka dawa moja ya wote. Mwaka 2006 Ann Bettencourt na wenzake walikusanya tafiti nyingi za tabia na ukali wakaona kitu cha maana sana: kuna tabia zinafanya mtu kuwa mkali hata kama hakuna aliyemgusa, kama ule ukali wa tabia na kuudhika ovyo, na kuna tabia ambazo ukimwacha mtu peke yake humwoni tofauti na wengine, mpaka achokozwe. Kuwaka haraka, kucheua maudhi, kujiona sana, kutaka kila kitu sasa hivi, hizo ni za kuchokozwa. Ndio maana mtu anaweza kuwa "mtu poa" miaka mitatu ya uchumba, hakuna stresi, hakuna kodi ya nyumba, alafu unashangaa alibadilika lini. Pengine hakubadilika, ni vile hakuna aliyewasha jiko.

Jiulize, na baadaye uulize mtu unalala naye nyumba moja, juu majibu yenu hayatafanana.

Wewe ni *mwakaji*? Unasema alafu ndio unasikia ulichosema, dakika kumi baadaye umesahau na unashangaa kwa nini wengine bado wamenuna. Mzee wangu ni huyu. Bati nyembamba.

Wewe ni *mcheuaji*? Ng'ombe akilala usiku anarudisha nyasi za mchana anatafuna tena. Kitu cha saa nne asubuhi unakitafuna saa kumi, unakiongezea maneno ambayo ungesema, unakitafuna tena kwa mto. Huyo ni mimi. Mimi sikukasirika na kijana, nilikuwa nimetafuna mwenye samaki tangu asubuhi, meno yalikuwa bado yanatembea alipoongea.

Wewe kila kitu unaona ni *dharau*? Mtu akipita bila salamu, "ananionyesha nini huyu". Simu isiposhikwa, "amenizima". Kenneth Dodge alianza kuonyesha hii kwa watoto wa shule kitambo, mwaka 1980, kwamba wale wakali, kitu kikitokea na haijulikani kama ni makusudi ama ni bahati mbaya, wao wanachukua ni makusudi. Na kwa watu wazima iko vilevile.

Wewe ni wa *kujiona*? Si kujiamini, kujiamini hakuna shida. Namaanisha ile ya kwamba mimi sifai kukosolewa, na anayenikosoa lazima alipe. Huyu mara nyingi hajijui, ndio maana nikasema uulize mtu mwingine.

Ama ni *mpole wa kuweka*? Tunaye shemeji mmoja Nakuru, anaishi Free Area, miaka yote ukimchokoza anatabasamu, "hakuna shida, hakuna shida." Siku moja alivunja mlango wa plot kwa teke, maji tu yalikuwa yamefungwa, na majirani wakasema ni pepo. Edwin Megargee aliandika juu ya watu kama hao mwaka 1966, wale wamejifunga sana, hawatoi kidogo kidogo, na siku kamba inakatika inakatika yote. Usimwogope mpole, lakini usimsifu pia kwa kunyamaza.

Kuna dodoso mashuhuri la Buss na Perry la mwaka 1992, lina sentensi 29 unajipa alama, na limegawa mambo manne: kupiga, maneno, hasira yenyewe, na uhasama wa moyoni. Nilipenda huo mgawanyo juu ulinionyesha mimi kwa kupiga niko chini na kwa uhasama niko juu, na hiyo nisingekubali mtu aniambie kwa mdomo. Na wale wanaosema wanaume tu ndio wakali, tafiti zinasema kwa kupiga ndiyo wanazidi, ila wanawake wakichokozwa ile tofauti inapungua sana. Ulizeni kifuniko changu.

Na usichukue aina yako kama jina la ubatizo. Tabia inasonga. Kwa wastani watu wanavyozeeka wanakuwa wapole na wenye kujipanga zaidi, na hata hapo katikati unaweza kuishi vizuri na karai ulilopewa, ukijua linashika moto aje.

Kila karai na dawa yake

Mwakaji asiambiwe "fikiria kwanza", hana hiyo sekunde. Yeye apange mbele, akiwa ametulia, sentensi moja ya nikiona hivi nafanya hivi. Mzee wangu yake ni "nikisikia masikio yanawaka, natoka nje naenda kuangalia pikipiki." Si ati pikipiki ina shida, ni kutoka tu. Tulikubaliana mbele ya watoto kwamba baba akienda kwa pikipiki hakuna anayemfuata na mdomo, na akirudi anarudi kuongea. Hiyo ya kurudi ni muhimu, bila hiyo inakuwa kutoroka na mimi mcheuaji nabaki natafuna. Pia ondoa vitu vya kurusha karibu na mahali mnagombania. Sisi hatuongei pesa jikoni tena.

Mcheuaji, na hapa nisikilizeni watu wangu, ushauri ule wa "toa hasira, piga mto, piga kelele msituni" si wako, na kusema kweli si wa mtu yeyote. Bushman mwaka 2002 aliwapa watu waliotukanwa gunia la ngumi, wengine wakaambiwa wapige wakimfikiria aliyewatukana, wengine wapige wakifikiria mazoezi tu, wengine waketi kimya. Waliopiga wakimfikiria adui ndio walitoka na hasira nyingi na ukali mwingi, walioketi bila kufanya kitu ndio walitoka na ukali mdogo kuliko wote. Na mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik walikusanya tafiti 154 za watu zaidi ya 10,000, wakaona vinavyosaidia ni vile vinapunguza mdundo wa mwili, kupumua taratibu, kulegeza misuli, kutulia, na vile vinaupandisha havisaidii, kukimbia hata kulielekea kuongeza. Mazoezi ni mazuri kwa moyo, fanya, ila usiyafanye kama dawa ya huyo mtu unamtafuna.

Na kuelezea watu watano stori hiyohiyo ni kutafuna na sauti. Niliona hii kwa daftari, siku nimemweleza mama wa viatu, mama wa nyanya na mwenye kinyozi, ndizo siku nafika nyumbani nimewaka zaidi. Sasa najipa mtu mmoja, mara moja, alafu nashika kazi inayotaka akili, kuhesabu pesa ya kesho, si kazi ya mikono tu, juu ya kuparua magamba nimezoea sana, mikono inaparua na meno yanatafuna. Kupumua nafanya hivi: ndani kwa pua nikihesabu nne, nje polepole nikihesabu sita, mara kumi, nimesimama mbali na moshi. Mara ya tatu utajiona mjinga. Endelea, mwili haujali kama unajiona mjinga.

Wa dharau, zoezi lako ni moja: kabla ujibu, tafuta sababu mbili zingine ambazo hazikuhusu. Kulikuwa na kastoma wangu wa kila Ijumaa akaanza kupita upande ule mwingine wa barabara haangalii hata, na nilikuwa nimeshampangia maneno. Kumbe alikuwa na deni langu la samaki mbili, anaona haya. Hiyo ya "ana haya" haikuwa imenijia kabisa, na mimi mwenyewe nikidaiwa napita upande mwingine.

Mpole, anza kusema vitu vidogo vikiwa vidogo. Leo. "Hiyo chenji haijatosha." "Sikupenda venye uliniita mbele ya watu." Sauti itatetemeka, wacha itetemeke. Wa kujiona nimekosa la kumwambia kwa mistari mitatu, yeye atafute mshauri, na najua hataenda mpaka kitu kivunjike.

Punguza moto wenyewe

Kuishughulikia tabia bila kugusa siku ni kusugua karai na jiko linawaka. Nilibadilisha vitu vinne vya Alhamisi tu, sikugusa siku zingine. Nakula ugali na omena saa saba kabla ya mkutano, hata kama nimekaa kwa ndoo. Pesa ya kikundi naitoa kidogo kidogo kila siku nampa mama wa viatu anishikie, ikifika Alhamisi ishakuwa, sina hesabu ya kulala nayo Jumatano. Chakula cha Alhamisi usiku ni githeri iliyochemshwa Jumatano, kwa hivyo lile swali lina jibu kabla liulizwe. Na nikiingia namwambia kijana wazi, "Leo mama amechoka, si wewe." Nilidhani ni maneno ya mzungu wa sinema. Lakini mtoto asipoambiwa si yeye, anajua ni yeye.

Wiki nne zilizofuata nilipata mara 11 badala ya 23, Alhamisi mara 2. Mkopo uko palepale, bei ya samaki imepanda tena, na kuna Jumatatu moja nilimfokea msichana wangu mpaka akalia, ikabidi niende kwao kumwomba msamaha, mamake akiwa anasikiliza. Kupumua hakulipi deni. Inafanya tu deni lisilipwe na mtoto.

Mahali pa kusimama

Hii mimi na mdogo wangu tuligombana kidogo kama niiweke, nikasema lazima. Kueleza ukali si kuusamehe. Kama unasoma hii na mtu wako anakupiga, na anasema ni stresi, angalia ile safu ya mwisho ya daftari kwa niaba yake. Je, anampiga bosi? Anampiga polisi wa trafiki? Akigongewa mlango na pasta katikati ya kelele, anatulia? Basi breki anazo, anachagua mahali pa kuzitumia. Usikae hapo ukimhesabia masaa ya usingizi. Nambari ya kupiga bure Kenya nzima kwa mambo ya kudhulumiwa nyumbani ni 1195, ya watoto ni 116, na vituo vya polisi vingi vina dawati la jinsia, ukifika uliza hilo dawati, usielezee stori yako kwa kaunta mbele ya watu.

Na kama wewe ndiye unapiga, daftari peke yake haitoshi. Enda kwa mshauri hospitalini, na huko nyumbani ulale kwingine kwanza. Kama ukali ulianza ghafla na haukuwa hivyo, baada ya kugongwa kichwa ama kujifungua, ama hulali wiki nzima na bado husikii uchovu, muone daktari kabla ya mtu yeyote, hiyo inaweza kuwa ugonjwa na ina matibabu yake.

Kitu cha mwisho ni cha kalenda. Usianze daftari Njaanuari. Mwezi wa fees na sare na madeni ya Krismasi kila mtu ni mkali, utajiandika simba bure na ukate tamaa. Anza Februari katikati, siku ya kawaida, siku umeuza kawaida umelala kawaida. Mimi nilianza mwezi wa tano mvua ikinyesha, kuni zikiwa mbichi, na kurasa zangu tatu za kwanza ni za moshi tu.